Hekalu lililoanzia kileleni

Hotuba kwa vijana wanaomaliza mafunzo ya uchongaji, Zanzibar

Assalaam alaykum.

Walimu, wazazi, wageni wetu, na nyinyi vijana mnaopokea vyeti leo: hongereni sana, na poleni kwa joto la ukumbi huu.

Barua niliyoletewa inanitaka nizungumzie umuhimu wa kuenzi ufundi wa asili. Mada hiyo nimeisikia mikutanoni tangu nikiwa mwanagenzi, na mara nyingi anayeizungumza hajawahi kuchubuka kidole kwa patasi. Nimemwomba mwalimu mkuu anipe ruhusa, naye amekubali, nizungumzie jengo moja tu. Liko India, lilichongwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na nimefika nikaliona kwa macho yangu. Nitalieleza kifundi, kwa sababu wengi wenu mmelijua kupitia video za kwenye simu, na katika video hizo kila mtu hutajwa isipokuwa fundi. Mara ni viumbe wa sayari nyingine, mara ni mashine zilizopotea, mara ni majini. Mimi nimekula kwa nyundo na patasi, na maneno hayo yananiudhi.

Jengo linaitwa Kailasa. Ni hekalu la Wahindu, la mungu wao Shiva, na limo kwenye mapango ya Ellora, jimbo la Maharashtra. Nilikuwa Mumbai nimemsindikiza ndugu yangu kwa matibabu, njia ambayo wengi wetu tunafikia India. Mgonjwa alipopata nafuu na madaktari wakataka apumzike kabla ya kusafiri, nikapanda treni ya usiku kwenda Aurangabad. Mji huo tangu 2023 una jina jipya rasmi, Chhatrapati Sambhajinagar, lakini dereva aliyenipakia asubuhi yake hakulitumia hata mara moja. Kutoka mjini hadi Ellora ni kilomita 30 hivi. Njiani unaipita ngome ya Daulatabad, ambayo Ibn Battuta aliifika miaka kama kumi baada ya kupita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na aliyoyakumbuka zaidi huko ni panya wa gerezani, ambao alisema walikuwa wakubwa kuliko paka. Sikushuka kuwatafuta.

Ellora ni mlima wa kimo cha kawaida, unaokwenda kwa kiasi cha kilomita mbili, na ubavu wake wote umechimbwa. Mapango yaliyopewa namba ni 34. Kuanzia la kwanza hadi la 12 ni ya Wabudha, la 13 hadi la 29 ni ya Wahindu, na matano ya mwisho ni ya Wajaini. Dini tatu kwenye ukuta mmoja, kazi iliyoendelea kwa karne kadhaa. UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 1983. Naweza kukaa hapa mpaka Magharibi nikisimulia pango moja moja, lakini nimesema jengo moja, nalo ni namba 16.

Kwenye orodha linaitwa pango. Si pango. Unapita getini, unatarajia giza, unakutana na mbingu. Mbele yako pana ua mkubwa uliozungukwa na kuta za mwamba pande tatu, na katikati ya ua limesimama hekalu zima: ukumbi, ngazi, madaraja, mnara wa kiasi cha mita 30. Pembeni kuna tembo wawili wa jiwe na nguzo mbili ndefu zinazosimama peke yake. Sasa kumbuka kwamba hakuna tofali hata moja. Hakuna jiwe lililobebwa na kuwekwa juu ya jiwe. Hekalu, nguzo, tembo, vyote ni mwamba mmoja, na bado vimeshikana na mlima kwa chini.

Nyinyi mnaijua tofauti ya seremala na mchongaji. Seremala huongeza: akikata ubao mfupi, ataleta mwingine. Sisi tunapunguza. Umepewa kizingiti cha mfenesi, umeanza kuchonga yungiyungi katikati, na ua limebaki petali moja. Patasi ikateleza. Hapo ndipo mtu anapotazama kulia na kushoto, anachukua gundi na vumbi la msumeno, na mteja hajui kitu mpaka masika ya kwanza. Msicheke, nawajua. Basi Kailasa ni kizingiti hicho, ila urefu wake unazidi mita 80, upana unazidi 45, na mteja ni mfalme.

Nieleze walivyofanya, maana hapo ndipo penye akili.

Walianza juu ya mlima. Wakapima, wakachimba mahandaki matatu: mawili yakiingia ndani ya mlima sambamba, na la tatu likiyaunganisha kwa nyuma. Upande wa mbele ulikuwa ubavu wenyewe wa mlima. Mahandaki yalivyozidi kushuka, katikati pakabaki bonge la mwamba limetengwa na wenzake. Kisha wakaanza kulichonga bonge hilo kuanzia kileleni kwenda chini: ncha ya mnara kwanza, halafu mapaa, halafu kuta, halafu msingi. Tembo waliobeba hekalu walikuja mwisho.

Faida yake ya kwanza mtu yeyote aliyepanda jukwaa la miti ataiona haraka. Hawakuhitaji jukwaa. Sakafu waliyosimama ilikuwa mwamba ambao zamu yake haijafika. Fundi amemaliza nakshi za usawa wa kifua chake, wanachimba chini ya miguu yake, anashuka, anaendelea. Kifusi kinatolewa kwa mbele na kumwagwa mteremkoni.

Gharama yake ni kwamba lazima uwe umemaliza kufikiri kabla ya kuanza. Siku fundi anachonga ncha ya mnara, tembo wa msingi wako zaidi ya mita 20 chini ya visigino vyake, ndani ya jiwe, na hakuna mtu duniani aliyewaona. Lakini upana wa tembo hao umeshaamuliwa na mahali mahandaki yalipochimbwa. Mlango wa ukumbi umeshaamuliwa. Daraja la kuunganisha geti na banda la ng'ombe Nandi, kipando cha Shiva, lazima liachiwe mwamba wake huko huko juu, wakati bado hakuna geti wala banda. Ukisahau kuliacha, halipo tena. Huwezi kwenda kununua jingine.

Nilisimama chini ya daraja hilo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Watalii wanapita chini yake wakikimbilia sanamu. Mimi niliona kwamba mtu mmoja, au watu wachache, walikuwa na ramani nzima vichwani au kwenye kitambaa au kwenye udongo, na mamia ya wengine walikubali kuifuata bila kuiona imekamilika. Kwenye karakana yetu, watu wanne hawakubaliani mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, uwe na upana gani.

Nani hao? Mfalme tunamjua. Ni Krishna wa Kwanza, wa ukoo wa Rashtrakuta, aliyetawala takriban 756 hadi 773. Sehemu kubwa ya kazi huhesabiwa kuwa yake, ingawa wataalamu wanabishana juu ya kipi kilianza kabla yake na kipi kiliongezwa na waliomfuata. Vyumba virefu vilivyochimbwa kwenye kuta za ua, kwa mfano, si vyote vya wakati mmoja, na jicho la fundi linaona: mkono umebadilika.

Na hapa niwajibu watu wa video. Wanasema, kitu hiki hakina chanzo, kimetokea ghafla, binadamu hawezi kukizua. Kina chanzo, na ukitaka unakifuata kwa basi. Huko Kanchipuram, kusini, Wapallava, ukoo wa kifalme wa huko, walijenga hekalu la Shiva mwanzoni mwa karne ya nane kwa mawe ya kawaida ya kupanga. Wachalukya, ukoo mwingine wa kifalme, wakawapiga Wapallava, wakauona uzuri wake, na malkia wao Lokamahadevi akajengesha hekalu la Virupaksha kule Pattadakal, miaka ya 740, kwa mtindo huo huo. Muongo mmoja hivi baadaye Warashtrakuta wakawapindua Wachalukya. Ukiweka ramani ya Virupaksha na ya Kailasa pamoja utaona undugu: geti, banda la ng'ombe Nandi, ukumbi wa nguzo, chumba cha ndani, mnara juu yake. Tofauti ni kwamba la Pattadakal lilipangwa kwa mawe kutoka chini, na la Ellora lilichongwa kutoka juu. Na kule Pattadakal maandishi ya ukutani yamemtaja fundi mkuu kwa jina: Gunda, aliyeitwa pia Anivaritachari. Mfalme alimheshimu fundi akamwandika jiweni. Mimi kwenye milango yangu naandika jina nyuma ya fremu, mahali ambapo saruji hulifunika.

Jibu la pili ni hesabu. Watafiti hukadiria kwamba mwamba uliotolewa ulikuwa tani 200,000 hivi. Wapo wanaotaja zaidi. Wengi wakisikia namba hiyo wanaacha kufikiri. Tuigawe. Chukua miaka 17 ya utawala wa Krishna, siku 300 za kazi kila mwaka: ni siku 5,100. Kila siku zinatoka tani 39, yaani kama mita za ujazo 13 za mwamba. Sasa tuseme, na hili ni kisio langu la mtu aliyewahi kukata jiwe, mtu mmoja mwenye tindo na nyundo anabomoa kilo 150 kwa siku. Unahitaji watu 260. Mpe nusu ya kazi hiyo, unahitaji 520. Ongeza wabeba kifusi, wahunzi wa kunoa tindo usiku na mchana, wapishi, wateka maji. Ni kijiji. Mfalme aliyekuwa akilisha majeshi hakushindwa kulisha kijiji cha mafundi. Tena hiyo ni kwa anayeshikilia kwamba yote yalifanyika katika utawala mmoja. Ukiongeza miaka, watu wanapungua.

Jiwe lenyewe ni basalti, mwamba wa volkano, lava iliyomwagika eneo lote hilo miaka milioni 66 hivi iliyopita. Ni gumu, nakiri, na tindo huisha makali haraka. Lakini lina nyufa zake za asili, na anayelijua hufuata nyufa kwa kazi ya kubomoa, akaacha ubishi kwa ajili ya nakshi. Bonge likishaachia, ndipo anaingia fundi wa tindo nyembamba.

Jibu la tatu liko ukutani. Pita nyuma ya hekalu, mahali ambapo ukuta wa mlima umesimama wima. Utaona mistari mifupi ya mshazari, safu juu ya safu, kila mmoja urefu wa vidole vichache. Hizo ni alama za tindo. Zimelala kushoto kwenda kulia, kisha ghafla kuna eneo ambalo zimelala kinyume. Nikajiuliza kama hapo alisimama mtu wa mkono wa kushoto. Sina ushahidi, labda alikuwa amesimama vibaya tu. Lakini mashine haisimami vibaya. Na ukitaka kuona kazi iliyoachwa katikati, nenda Ajanta, kilomita kama 100 kutoka mjini, pango namba 24. Ni la Wabudha, la kale zaidi kuliko Kailasa, na halikukamilika. Nguzo nyingine za ndani bado hazijatoka kwenye mwamba. Hapo unasoma hatua zote za kazi, na mimi ningewapeleka wanafunzi Ajanta namba 24 kabla ya kuwaonyesha kitu chochote kilichomalizika.

Sasa niwachukue kwenye sanamu mbili tu, maana ziko mamia.

Ya kwanza ni safu ya tembo. Ukumbi wa hekalu hauko usawa wa ua. Umeinuliwa juu ya msingi wa mwamba mtupu wa kiasi cha mita saba, unapanda kwa ngazi. Kuuzunguka msingi huo wamechongwa tembo na simba wakielekea nje, bega kwa bega, mgongoni wamebeba jengo. Ukitazama kwa haraka unasema tembo wote ni mamoja. Si kweli. Huyu mkonga umekunjwa ndani, yule ameunyoosha anang'oa majani, mwingine anapambana na mnyama wa pembeni. Mikonga mingi imevunjika, na pale ilipovunjika unaona kitu ambacho sanamu nzima inakuficha: mwamba ule ule wa kijivu, bila kiungo, bila chuma ndani. Nilipiga magoti nikaangalia mguu wa tembo mmoja kwa nyuma, mahali ambapo mtalii hafiki. Umechongwa. Kucha zipo. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akipitisha kidole nyuma ya nakshi kabla ya kutazama mbele, na akikuta pameachwa, mlango ulirudi mezani. Angempenda aliyechonga kucha hizo.

Ya pili iko upande wa kusini, chini ya hekalu, ndani ya shimo lenye kivuli. Kwanza hadithi. Kailasa ni jina la mlima mtakatifu wa Himalaya ambao Wahindu husema Shiva anakaa na mkewe Parvati. Ravana, mfalme wa Lanka mwenye mikono 20, alikuja akajaribu kuung'oa mlima. Mlima ukatikisika. Shiva hakusimama hata. Alibonyeza kwa kidole cha mguu, na Ravana akabanwa chini.

Mchongaji amemweka Ravana chini kabisa, amepiga goti, mikono imetapakaa pande zote ikisukuma. Amechimbwa kwa kina hivi kwamba karibu ametengana na mwamba. Juu yake Parvati ameegemea nyuma kwa hofu akamshika mumewe mkono. Mhudumu mmoja ametoka mbio, mgongo wake ndio unaouona. Shiva katulia. Sasa fikiri mahali alipowekwa. Hekalu zima linaitwa Kailasa, ndilo mlima wenyewe. Ravana amechongwa chini ya hekalu. Kwa hiyo anachokitikisa si mlima wa kwenye picha. Anatikisa jengo ulilosimama mbele yake, tani zake zote. Yule fundi hakuchonga hadithi ukutani, alilifanya jengo liingie ndani ya hadithi. Nimeona milango mizuri Unguja na Lamu, lakini hili la kufanya mlango wenyewe ushiriki katika nakshi yake sijaliona.

Jambo moja la kupunguza chumvi. Tunavyoliona leo, la kijivu na jeusi, sivyo lilivyokuwa. Lilipakwa lipu nyeupe, na watu wengi huamini ni ili lifanane na theluji ya mlima Kailasa, kisha likatiwa rangi. Kwa muda mrefu wenyeji waliliita Rang Mahal, jumba la rangi. Kwenye dari za baraza bado kuna mabaki ya michoro. Na lipu, nyinyi mnajua, husitiri. Kwa hiyo anayesema mafundi wale hawakukosea hata mara moja, anasema asiloweza kulijua. Walikosea wapendavyo wakaziba, kwa gundi yao na vumbi lao.

Kuna maneno mawili ya kale kuhusu mjenzi, nayo yanafaa kwenu. La kwanza limeandikwa kwenye bamba la shaba lililopatikana Baroda, la mwaka 812 hivi, wakati hekalu bado ni jipya. Linasema hata miungu wakipita angani walilistaajabia, na kwamba fundi mwenyewe alipolimaliza alishangaa amewezaje, akajua hawezi kulifanya tena. Mwandishi wa mfalme aliyaandika hayo kama sifa. Mimi nilipoyasoma nilimwonea huruma fundi. Kila mmoja wetu ana kazi moja ambayo wateja hutaka airudie, na yeye anajua hairudiki.

La pili ni hekaya, imeandikwa karne nyingi baadaye kwa Kimarathi. Mfalme aliugua. Malkia akaweka nadhiri: mume wangu akipona nitajenga hekalu, na sitakula mpaka nimeuona mnara wake. Mfalme akapona. Mafundi wakaitwa, kila mmoja akasema mnara utachukua miaka mingi. Malkia atakufa kwa njaa. Akaja fundi mmoja wa mji wa Paithan, jina lake Kokasa, akasema atauona ndani ya wiki moja. Akapanda juu ya mlima akaanza na mnara. Malkia akala. Hekaya ni hekaya, lakini ametunga mtu aliyeelewa kazi: alijua kwamba anayechonga kutoka juu anamaliza kwanza kile ambacho wengine humaliza mwisho.

Nimeulizwa nyumbani, na najua kuna mzee hapa analo swali hili moyoni: wewe Muislamu ulikwenda kutafuta nini kwenye hekalu la masanamu? Nilikwenda kutazama kazi ya mikono. Hekalu hilo liko chini ya idara ya mambo ya kale ya serikali ya India, unakata tiketi unaingia. Na si mimi wa kwanza. Al-Masudi, aliyesafiri pwani yetu na kufika Qanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wengi wanakihesabu kuwa Pemba, ametaja katika maandishi yake hekalu kubwa la India ambalo watafiti wanaliona kuwa ni Ellora. Na wafalme wa Rashtrakuta, hao hao wenye Kailasa, ndio ambao wasafiri wa Kiarabu waliwaita Balhara. Walisema hakuna mfalme wa India aliyewalinda Waislamu zaidi yake, na kwamba misikiti ilikuwa wazi nchini mwake. Nasema hivi tu ili mjue biashara ya bahari yetu iliwafahamisha watu hao zamani, kabla ya pasipoti.

Tena kuna Mwafrika karibu. Kilomita chache kutoka Ellora, Khuldabad, lipo kaburi la Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi takriban 1548, akauzwa utumwani, akafikishwa Deccan, nyanda za juu za India ya kati na kusini, na akapanda mpaka akawa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar. Wamoghuli, watawala wa India ya kaskazini, walimhangaisha na yeye akawahangaisha zaidi. Mwaka 1610 aliujenga mji wa Khadki, ambao ndio Aurangabad hii niliyoshukia treni, akauwekea mifereji ya kuleta maji kutoka milimani. Alifariki 1626. Kaburi lake lina kuba na ukimya. Wageni wengi wanaofika Khuldabad wanaenda kwenye kaburi la mfalme Aurangzeb, aliyezikwa hapo 1707 chini ya udongo mtupu. Nilimsomea Malik Ambar Fatiha.

Na kwa anayetaka kuona ibada iliyo hai, kijijini hapo hapo kuna hekalu la Grishneshwar, lililojengwa upya karne ya 18 na Ahilyabai Holkar. Hilo linasaliwa kila siku. Wanaume wanaoingia chumba cha ndani huvua mashati. Mimi nilibaki nje nikinywa chai.

Nimalizie na mambo ya safari, maana najua wawili watatu kati yenu watafika India, kwa ugonjwa au kwa biashara ya vitambaa. Ellora hufungwa Jumanne, Ajanta Jumatatu. Usije ukapanda treni usiku kucha ukakuta kufuli. Hekalu linatazama magharibi, kwa hiyo uso wake hupata jua alasiri. Kabla ya kuingia, panda kijia cha mlimani pembeni, ukae mbali na ukingo, utazame kutoka juu. Juu ya paa la ukumbi utaona yungiyungi kubwa la jiwe, na simba wanne wamesimama juu yake. Ni sehemu waliyoichonga mapema, wakiwa wamesimama pale pale unaposimama wewe. Ndani ni giza, beba tochi, na usimulike kwa mbele: ishikilie ubavuni, karibu na ukuta, alama za tindo zitajitokeza zote. Usiguse michoro. Usinunue "kipande cha Kailasa" kwa mtu yeyote. Kama ni cha kweli ni wizi, na kama ni cha uongo umeibiwa wewe.

Picha zangu ziko kwenye meza ile ya mwalimu, pamoja na vipimo vya safu ya tembo nilivyochukua kwa hatua, kwa kuwa mlinzi hakuniruhusu kufungua futi. Dakika chache zimebaki kabla ya vyeti. Kuna mtu ameshanyoosha mkono kule nyuma, anza wewe.